Hao Si Wageni, Hao Ni Sisi

Mwamini mwanangu,

Salamu siandiki. Tulisalimiana asubuhi, shikamoo yako ilitokea pembeni ya mdomo na marahaba yangu haikuwa bora kuliko hiyo, basi tuliache hapo. Sasa hivi wewe uko Buzebazeba kwa shangazi yako unaagwa, na ukitoka huko utapitia Katubuka kuchukua gauni kwa fundi, na ninavyomjua yule fundi atakukalisha kwenye benchi lake mpaka magharibi akikwambia bado vifungo tu. Nimepata nafasi. Nimekaa barazani na karatasi, na kila nikimaliza sentensi nainuka kwenda kuwatazama dagaa, kwa sababu kuna wingu limesimama upande wa Kongo na silielewi nia yake.

Mambo ya safari sikwambii. Sanduku umefunga, mawese yamo, tiketi unayo, na alfajiri wewe huwa unaamka kabla yangu. Kula utakula, kuvaa utavaa. Ninachotaka ni yale maneno ya asubuhi, maana yamenikaa kooni tangu saa ile.

Ulisimama mlangoni ukasema unataka kuwapigia watu wa Mwanza uwaambie huendi tena. Ukasema tovuti ikikaa bila kuandikwa itakufa, wateja wataingia wakute maneno ya zamani, watatoka na hawatarudi, na yote uliyojenga humo yatarudi kuwa mama mmoja na chekeche lake mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha. Nikakujibu maneno mawili. Nikasema, "Kaa basi." Halafu nikageuka nikajifanya natafuta ufagio.

Nilifurahi, Mwamini. Nilifurahi mno, na hicho ndicho kilichoniharibia siku. Nimefagia ua uliokwisha kufagiliwa. Nimewageuza dagaa ambao hawakuhitaji kugeuzwa. Mama Riziki kaniuliza kama nimeingiwa na siafu kwenye khanga, nikamjibu vibaya, na sasa inabidi nimwombe radhi na yeye. Mama mzima mtoto wake kapata kazi, kazi aliyoisomea, na mimi nafurahi kwamba haendi. Baba yako alipotuacha akahamia Mpanda alisema anakwenda kutazama mazingira tu. Tangu hapo mtu akifunga mzigo katika nyumba hii mimi nasikia baridi mgongoni. Lakini wewe si baba yako. Nikikuzuia kwa sababu yake nitakuwa nakutoza wewe kosa la mtu mwingine, na yeye kule anakula na kulala salama.

Ngoja nikatazame wingu.

Bado limesimama palepale. Nimewaambia wanawake waandae maturubai.

Umesema tovuti ni yako na bila wewe haiwezi kuishi. Nataka tuirudie hadithi yake tangu mwanzo, kwa sababu naona umeisahau, au unaikumbuka kwa namna ya kujionea huruma. Uliporudi kutoka chuoni na kompyuta yako iliyofungwa na mpira wa nywele, mimi nilikuwa nauza dagaa kama alivyouza bibi yako. Mteja anakuja Ujiji, au anatuma mtu, au dereva wa lori anamwambia mwenzake wa Tabora kwamba Kasingirima kuna mama dagaa wake hawana mchanga. Ukasema, mama, nitakutengenezea mahali ambapo mtu wa Songea atakukuta bila kumuuliza dereva. Nikakubali. Kusema kweli sikuelewa, ila nilipenda ulivyokuwa unazungumza, ulikuwa umenenepa maneno ya chuo.

Ule ukurasa wa kwanza ulikuwa mzuri sana na hakuna aliyeusoma. Uliandika sisi ni wasambazaji wanaoongoza kwa ubora unaokidhi viwango. Mimi nilifurahi, nikajiona mkurugenzi. Lakini mtu aliyetaka kujua dagaa ni wa lini, wamekaushwa juu ya kichanja au chini mchangani, na watamfikiaje Songea, angesoma mpaka achoke na asilione hilo popote. Kosa hilo lilikuwa lako na nakuachia. Yanayofuata ni yangu.

Niliomba uweke picha yangu, ile ya Idi niliyovaa kitenge cha njano. Ukaweka. Mama Riziki akaiona. Unajua Mama Riziki alivyo, hakusema neno, aliuliza tu kama yeye si mtu wa kichanja hiki, yeye aliyevuka ziwa akiwa mgongoni mwa mama yake, akaja akalala nyumbani kwetu, leo picha inawekwa ya mmoja. Nikaona aibu. Sisi hapa huwezi kumpiga picha mtu mmoja kwenye uwanja wa kazi ukawaacha wengine, utakuwa umewatenga. Nikakwambia weka na yake. Ukiweka yake, kuna Bi Tatu. Ukiweka ya Bi Tatu, kuna mabinti wake. Tukapiga picha wote, kila mtu na nguo ya harusi, kila mtu peke yake na kisha pamoja, na nikakulazimisha uziweke zote pale mbele, kubwa kubwa, ili mtu akifungua tu atuone.

Ulijaribu kunieleza. Ulisema mtu aliye kijijini na mtandao dhaifu atakaa anasubiri picha zijifungue mpaka bando limwishie, na hajaona hata dagaa mmoja. Nikakujibu kwamba mgeni akija kwangu anaonyeshwa watu wa nyumba kwanza. Ukanyamaza. Wewe ukinyamaza huwa nadhani nimeshinda.

Halafu nikaongeza lingine juu yake. Bibi yako alipofungua duka la vitenge pale karibu na soko, siku ya kwanza aliwaomba majirani wote waje wasimame dukani, washike vitambaa, waulize bei kwa sauti, ili mpita njia aone kuna watu naye aingie. Ndivyo tunavyosaidiana, na duka lile lilisimama. Nikaona na hili lako ni duka, watu wa kulijaza ninao. Nikawaambia wanawake wa kichanjani, kila mmoja mwenye simu afungue tovuti ya mtoto kila asubuhi, na awaambie na watu wake wafungue. Wala haikuwa kazi ngumu kuwashawishi, picha zao zilikuwamo, walikuwa wanajitazama.

Sikukwambia kwa sababu mtu akijaziwa duka haambiwi. Ungeona haya.

Sasa kumbuka wewe ulivyokuwa siku zile. Kwanza ulikuja unaruka jikoni, mama watu wanaingia, kila siku wanaongezeka. Nami nikawa natabasamu kwenye sufuria. Kisha ukaanza kukunja uso. Ukaniambia wanaingia lakini hawakai, wanatazama picha wanatoka, hakuna anayeuliza, hakuna anayenunua, kuna kitu hakiwashiki. Ukabadilisha maneno. Ukabadilisha rangi. Kile kitufe cha kuagizia ukakihamisha kutoka chini kwenda juu, kutoka juu kwenda pembeni. Ukaacha kula vizuri. Nilikuona umeshika kichwa mbele ya kompyuta ukijiuliza umekosea wapi, nikakuletea uji, na haikunipitia akilini hata kidogo kwamba ugonjwa wenyewe ni mimi.

Ilitoka siku ile tukichekecha, wewe umekuja na simu yako kuwauliza wanawake maoni. Mama Riziki akajisifu. Akasema yeye hajawahi kukosa hata siku moja, anafungua kabla ya chai, na alipokwenda Bujumbura kwenye msiba alifungua akiwa hukohuko. Bi Tatu naye akasema kwake wanafungua nyumba nzima mpaka wapangaji. Ulikaa chini juu ya gunia. Nilidhani utacheka. Ukanitazama mimi, siyo wao.

"Mama," ukasema, "hao si wageni, hao ni sisi."

Sijawahi kusikia sauti yako ikiwa hivyo. Ulikuwa umekesha unawatengenezea nyumba watu usiowajua, kumbe kila aliyepiga hodi alikuwa shangazi. Nikajitetea, nikaleta habari ya duka la bibi, ukasema bibi alikuwa anamwona mpita njia kwa macho yake, akijua huyu ni jirani na huyu ni mteja, lakini wewe umepewa hesabu tu, ukaiamini. Ukaenda ndani. Mimi nikabaki na chekeche mkononi, na wale wanawake wananiuliza wamefanya kosa gani. Hawakufanya kosa, maskini.

Wingu limeanza kuja. Nimetoka nimerudi. Tumefunika upande wa ziwani, upande wa barabara nimesema tusubiri, jua bado lipo na sitaki wavundike.

Ulizitoa picha zote, ukaacha moja, ya dagaa kichanjani asubuhi. Nililazimika kwenda nyumba kwa nyumba kuomba radhi. Wengine mpaka leo wana kinyongo kidogo, hasa Bi Tatu. Wageni walipungua wakabaki wachache mno, wale wa kweli. Ukasema sasa angalau najua nazungumza na nani.

Halafu ziwa likafungwa.

Unakumbuka, serikali ilipolipumzisha ziwa ili samaki wazaane, mitumbwi ikapandishwa mchangani na taa zikafungiwa ndani. Nikasema basi, na tovuti tuifunge, hatuna cha kuuza. Ukasema hapana. Ukaandika pale juu kabisa, kwa herufi ambazo hata mimi bila miwani niliziona: Hatuna dagaa. Ziwa limefungwa. Lakini tupo, ulizeni chochote.

Mwanangu, nilikasirika. Wewe umekulia kichanjani, unajua kwamba sisi hatutamki neno lile. Mwezi ukiwa mpevu wavuvi hawatoki, ziwa lote jeupe, taa zao hazivuti kitu, na mteja akija siku hizo hatumwambii hatuna. Tunamwambia wako njiani. Tunamwambia pita kesho kutwa. Mama yangu alinifundisha hivyo na mama yake alimfundisha, mfanyabiashara akishasema hatuna ameifukuza riziki mlangoni. Na kabla ya siku hizo wewe mwenyewe uliniuliza mara nyingi uandike nini wakati wa mbalamwezi, nikakwambia andika wapo. Ukaandika wapo. Mama mmoja wa Mbeya akaagiza, akasubiri, nikawa namwambia wako njiani, wako njiani, mpaka akaacha kupokea simu yangu. Hasara ya wateja wa namna hiyo nilikuwa naihesabia bahati mbaya.

Nikakununia. Tulikaa siku kadhaa tunazungumza mambo ya chumvi na maji tu. Na kumbe huku maswali yanaingia.

Swali la kwanza ulilileta ukiwa umesimama mbali, kama mtu anayempa mbwa mkali mfupa. Mtu anauliza mchanga unatokaje kwenye dagaa aliokwisha kuwanunua kwingine. Nilikuwa nachambua maharage. Nikajibu bila kuinua kichwa, nikasema awamwagie maji ya vuguvugu mengi kwenye beseni, awaache watulie, awatoe kwa mkono kutoka juu, asimimine maji kwa hasira kama anayeosha gari. Ukaenda. Kesho yake ukaja na lingine, kwa nini wake ni wachungu. Kisha lingine, mtoto aanze kula lini, mawese yatangulie au kitunguu kitangulie. Nikawa najibu huku nimenuna bado. Baadaye nikawa najibu bila kununa. Mwishowe, Mungu ananiona, nikawa mimi ndiye nakusubiri urudi nikuulize, leo wameuliza nini?

Siku moja ulinisomea, nikasikia maneno yangu mwenyewe, mpaka hilo la kuosha gari. Nikakuuliza mbona hukuyapiga pasi. Ukasema ulianza kuyapiga pasi ukaona yanakuwa kama ule ukurasa wa kwanza. Kisha ukanionyesha kijana mmoja kutoka kwetu anayefundisha Mtwara, ameandika kwamba hanunui kitu, hana hata jiko, anaingia jioni kusoma tu kwa sababu anasikia kama yuko nyumbani. Nikakwambia basi huyo si mteja. Ukasema mama, huyo ndiye atakayewaambia wengine. Na kweli, walipokuja kuagiza mwalimu mkuu wake na walimu wenzake, ziwa lilikuwa limeshafunguliwa na sisi tulikuwa hatuna magunia ya kutosha.

Usifikiri nakusimulia haya ili nijisifu kwamba mama alikuwa anajua yote. Kumbuka habari ya ndoo. Nilimjibu mtu kwamba dagaa wakae kwenye ndoo yenye mfuniko uliobana, ndivyo ninavyofanya mimi. Yule mama wa Mbeya, yule yule niliyemwambia wako njiani, kumbe alikuwa bado anasoma. Akaandika kwamba amefanya hivyo na wote wameota ukungu, kwao kuna baridi na unyevunyevu, dagaa walikuwa hawajakauka barabara. Nikasema ni mwongo, ana kisirani na mimi. Wewe ukayaweka maneno yake palepale chini ya yangu, na chini yake ukaandika kwamba mama amekosea, kwenye baridi waanikwe tena kwanza, na wakae kwenye kitu kinachopitisha hewa. Nilikuita majina siku ile. Nilisema umenivua nguo mbele ya Tanzania nzima. Baada ya muda yule mama akaagiza tena, na alipopiga simu akaniambia aliagiza kwa sababu ya lile neno, amekosea. Akasema tangu azaliwe hajawahi kumwona mwenye duka akiliandika juu ya mlango wake. Nikacheka kwenye simu kwa adabu, nikakata, na sikukwambia, naona leo ndiyo unasikia.

Ndipo tukaanza ile taarifa ya Ijumaa. Mwezi ukoje, wavuvi wametoka au hawakutoka, kumepatikana nini, na kama hatuna, tunaandika hatuna. Neno lile bado likinitoka nagusa mbao. Lakini watu wanaingia kila Ijumaa hata wasiokuwa na haja ya dagaa, na wakikuta hatuna hawaondoki, wanauliza lini.

Nakwenda kuuliza kama tufunike upande wa pili.

Tumefunika. Matone yameanza, makubwa, ya kupiga bati na kuacha. Mama Riziki nimemwomba radhi, kasema alishajua shida yangu ni nini tangu asubuhi, alikuwa ananisubiri nijue na mimi.

Huko Mwanza watakupa kazi ya kuwatengenezea watu wengine mambo haya. Atakuja mwenye duka la chakula cha kuku, atakuja mwenye saluni, atakuja mzee mwenye gereji. Wote watakuwa mimi. Atataka picha za mke wake mkubwa na mke mdogo zilingane. Atataka uandike yeye ndiye anayeongoza. Atawaambia binamu zake wote wafungue kila asubuhi. Nakuomba usiwacheke, na usiwanyamazie kama ulivyoninyamazia mimi habari ya picha. Mimi ukininyamazia nadhani nimeshinda, na wao watadhani hivyohivyo. Mwulize tu huyo mzee wa gereji, watu wakija kwako wanakuuliza nini kwanza, hata kabla hawajakaa? Hapo atafunguka, na wewe andika hayo. Zaidi ya hapo sina la kukufundisha, kazi ni yako na umeisomea.

Ila dagaa wa kule usiwale hadharani ukasema ni watamu. Mtu wa Kigoma ana heshima yake. Kula kimyakimya.

Sasa nafika pale ninapopaogopa, na ndiyo maana nimezunguka sana.

Asubuhi ulisema bila wewe itakufa. Mimi nikakubali haraka kwa sababu lilinifaa. Umenifundisha kuingia kwenye ile sehemu ya kuandika, umeniandikia neno la siri, umenionyesha mpaka umechoka, na kila mara nasema sijui, macho yangu, vidole vyangu, fanya wewe. Nilikuwa najua, Mwamini. Siyo vizuri, lakini nilikuwa najua. Nilikuwa nasema sijui kwa sababu nikisema najua, ungekuwa huna sababu ya kubaki. Hata hiyo kazi ya Mwanza ulipoitwa kwa mara ya kwanza, nikakwambia subiri tovuti isimame kwanza, na ilikuwa imeshasimama. Nilikuwa natafuta kamba ya kukufungia nikaipata humo.

Kwa hiyo mchana huu, ulipoondoka tu kwenda Buzebazeba, niliingia. Mtandao ulikuwa unakwenda na kurudi. Bando likaisha katikati nikatoka mbio, nikanunua vocha dukani na muuza duka akaniuliza kuna nini mbona nimevaa ndala moja ya kwangu na moja ya kwako. Nikarudi. Nikaandika kwa kidole kimoja, herufi zikinikimbia, na nikabonyeza bila kumwomba mtu anisomee. Liko pale juu sasa hivi, unaweza kutazama. Nimeandika hivi:

"Binti yangu aliyekuwa akiwaandikia hapa anasafiri kesho kwenda kazini Mwanza. Mimi ndiye mama anayejibu. Kuanzia Ijumaa naandika mwenyewe. Nitachelewa na nitakosea, mniambie."

Sikupata hata muda wa kuweka simu chini. Kuna aliyekutakia safari njema. Kuna aliyesema tumezoea kukosewa. Kijana wa Mtwara ameuliza kama Ijumaa hii dagaa watakuwepo, mwezi unakaribia kupevuka. Nilitaka kumwandikia wako njiani, kidole kilikuwa kimeshafika. Nikaandika sijui bado, nitakwambia.

Sasa unaona nilichofanya. Ukiwapigia watu wa Mwanza kuwaambia huendi, nitakuwa mwongo mbele ya watu wote hao, na wewe ndiye uliyenikataza kuwadanganya. Utakaposoma hapa utadhani nimeliandika lile ili nikuzibie njia ya kurudi nyuma. Nilidhani hivyo na mimi nilipokuwa nabonyeza. Lakini nimekaa hapa tangu wakati ule, mvua imekuja imepita, na kila nikisikia mtu barabarani nadhani ni wewe umerudi na uamuzi wa kubaki, na moyo unaruka kwa furaha ileile mbaya. Bado nataka ubaki. Nakwambia wazi, ukiingia sasa hivi useme mama siendi, nitakukumbatia, sitakuwa na nguvu ya kusema nenda. Lile tangazo nimeliandika ili linizuie mimi.

Nenda, mwanangu.

Ni mimi mama yako,
niliye barazani.